Siku Kamanga Ilipokataa Kujibu

Evelina Mayala hakusomea kompyuta. Alisomea kubonyeza kitufe na kukiachia, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mwaka 1978, akiwa binti wa miaka ishirini, aliajiriwa na chama kikuu cha ushirika kuwa opereta wa redio kolu, ile redio ambayo unabonyeza unaposema na kuachia unaposikiliza, ukimaliza zamu yako unasema "ova" na ukifunga mazungumzo "ova auti", na watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja hata wakiwa wanagombana. Miaka kumi na sita alikaa mbele yake akipokea habari za pamba kutoka vituo vya mbali: marobota mangapi yamefungwa, lori gani limezama kwenye tope, karani gani amefiwa na anaomba ruhusa. Watu walimjua kwa sauti. Wakifika Mwanza na kuonyeshwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, aliyefunga kitambaa kichwani, walimtazama mara mbili, maana sauti ile walikuwa wameshaipa mwili mrefu.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, chama kikuu kikapungua kama kipande cha sabuni, na mwaka 1994 Evelina akapewa barua ya kupunguzwa. Neno lenyewe linaudhi. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, anapunguzwa kama sukari kwenye chai? Aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaikunja, akaenda nyumbani kwa miguu mpaka Buswelu ili asikutane na mtu wa kumpa pole. Miezi mitatu hakuimba kwaya. Mumewe Mihayo, mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiye na maneno mengi, alimwachia nafasi, akawa anapika uji mwenyewe asubuhi, na uji wake ulikuwa na mabonge.

Aliuza mitumba Mkolani kwa mwaka mmoja na ushee. Hakuichukia kazi hiyo; alipenda kupiga soga na wateja. Ila alikuwa akipita karibu na ofisi yoyote yenye mlingoti wa antena, shingo inageuka yenyewe. Ndipo mwaka 1996 akasikia kwamba mradi mmoja wa zahanati, wenye ofisi kule Capri Point, unatafuta mtu anayejua redio kolu. Akaenda na kitambaa kipya kichwani. Hawakumuuliza vyeti. Walimpa redio, akaita vituo sita, vitano vikajibu, na cha tatu kikasema, "Si mama Tereza huyo? Ulikuwa wapi siku zote?" Akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Kompyuta zilimkuta hapo. Mtaalamu mmoja Mzungu, kijana mrefu asiyevaa soksi, alikuja kuunganisha ofisi ya Mwanza na kituo cha mradi cha Kamanga, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Hakutandaza waya majini. Alifunga antena moja juu ya bati la Capri Point na nyingine juu ya bati la Kamanga, zikitazamana juu ya maji, na katika kila ofisi akaweka kompyuta yenye kadi ya redio ndani yake. Kompyuta hizo ziliendeshwa na Linux, mfumo ambao, alivyosema yeye, haununuliwi na hauna mwenyewe. Evelina alidhani anatania. Mtu gani atengeneze kitu kizuri kisha akigawe? Lakini kijana alimwonyesha, na katika ofisi nzima ni Evelina peke yake aliyekuwa na subira ya kukaa naye. Kila amri aliyofundishwa aliiandika kwenye kaunta buku, na pembeni yake akaandika maana kwa maneno yake mwenyewe. Hii inauliza nani yupo. Hii inaonyesha mashine ilisema nini ilipoamka. Hii ni hatari, usiiguse ukiwa na njaa.

Kijana alipoondoka, miezi kumi na minane baadaye, mama wa redio kolu alikuwa ndiye fundi wa kompyuta, ingawa karatasi za ofisi zilikuwa hazijapata habari hiyo. Mshahara ulikuwa wa opereta, cheo cha opereta. Hakulalamika sana. Alikuwa mtu wa kuridhika, na mimi sioni aibu kulisema hilo, maana siku hizi mtu akiridhika anaonekana zezeta. Aliipenda kazi yake. Aliipenda asubuhi ya Capri Point, miamba ikiwa bado ina baridi na ndege mwari wakipita juu ya maji, na ile sekunde ambayo barua kutoka Kamanga inatokea kwenye kioo cha kompyuta, imevuka ghuba nzima bila kulowa. Zahanati za upande ule zilipeleka maombi yao ya dawa pale Kamanga, Mzee Okomo akayachapa kwa vidole viwili, na kabla hajanyanyuka kitini Evelina alikuwa nayo.

Huyu Mzee Okomo naye tumjue. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, amevuka sitini, mlinzi wa kituo aliyegeuka karani kwa sababu karani wa kweli alikimbilia kiwanda cha minofu ya samaki. Alikuwa mpole, mrefu, na mwenye salamu ndefu kuliko barabara ya Musoma. Huwezi kumuuliza Okomo saa ngapi kabla hujajua mkewe Ayoo ameamkaje.

Sasa tufike mwezi wa nane, mwaka 1999.

Mwaka huo, wenye umri wanakumbuka, dunia nzima ilikuwa inaogopa mwaka elfu mbili. Ilisemekana kompyuta zitachanganyikiwa tarehe, ndege zitaanguka, benki zitasahau wateja. Wafadhili wakaandika waraka: mifumo yote ya kompyuta iwe imepandishwa na kuwa mipya kabla ya mwisho wa Septemba. Waraka ulikaa mezani kwa meneja wa mradi, Bwana Revocatus, wiki tano chini ya gazeti. Jumatatu moja akaukumbuka, kwa sababu Jumanne wafadhili wenyewe walikuwa wanakuja.

"Mama Tereza," alimwambia, amesimama mlangoni na tai yake nyekundu, "kesho saa tisa wageni watakuwa hapa. Watauliza mambo mawili: mfumo umepandishwa, na Kamanga inajibu. Nataka yote mawili."

"Bwana Meneja, hayo yote mawili hayafanywi kwa pamoja. Ukipandisha mfumo leo, kesho lazima kitu kigome. Tusubiri wageni waondoke."

"Waraka unasema nini?"

"Waraka unasema Septemba."

"Mimi nasema kesho." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, na sauti yake ikawa ya mtu anayeona haya. "Nisikufiche. Kuna kampuni ya Dar inataka kazi hii ya kompyuta. Fundi wao anakuja na hao wageni. Barua yako ya kuwa fundi ninayo kwenye faili, imechapwa. Kesho Kamanga ikijibu, naisaini mbele yao. Isipojibu, kampuni inachukua, na redio kolu tunaifunga Desemba. Sitakuwa na mahali pa kukuweka."

Evelina alisema sawa. Alikwenda chooni, akanawa uso, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka. Kupunguzwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa na miaka thelathini na sita na alidhani ni ajali. Mara ya pili mtu huanza kujiuliza kama ni yeye. Akarudi kwenye mashine.

Mchana huo wote wa Jumatatu aliipika kerneli mpya. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, kile kinachokaa katikati na kuamuru kila kitu ndani ya mashine, na "kupika" lilikuwa neno lake mwenyewe: unaipa kompyuta maelezo marefu, nayo inayachemsha saa nzima na zaidi mpaka yaive kuwa programu. Kerneli ikaiva. Jumanne saa mbili asubuhi aliizima mashine na kuiamsha upya na kiini kipya. Tarehe ikawa sahihi, printa ikaitika, kila kitu kikanyooka, isipokuwa kile kimoja. Taa ya kadi ya redio haikuwaka.

Hakushtuka. Alilitarajia. Alisoma mashine ilisema nini ilipoamka, akakuta jibu pale pale: draiva ilikuwa imekataliwa. Draiva ni kiprogramu kinachoifundisha kerneli kusema na kadi, na hiki kilipikwa kwa ajili ya kerneli ya zamani. Mpya ilipokiona ikakifukuza kama mgeni asiye na kitambulisho. Dawa ni kukipika upya. Akatoa disketi aliyoachiwa na kijana, akaanza. Kikagoma katikati, na kioo kikajaa makosa. Disketi ilikuwa ya draiva ya zamani, isiyojua lugha ya kerneli mpya. Akaipekua ile sidii iliyokuja na mfumo mpya, folda baada ya folda, akaikuta draiva ya toleo la karibuni imejificha mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingeiweka. Akaipika. Ikaiva bila kosa hata moja. Akaiingiza. Taa ikawaka mara moja, ikazima.

Hapo alisonya. Tena si kidogo.

Ilimchukua saa nzima kupata sababu. Kila kadi ndani ya kompyuta ina namba yake ya kupigia hodi inapotaka kusikilizwa, na kerneli mpya, katika kujifanya hodari, ilikuwa imeipa kadi ya sauti namba ile ile ya kadi ya redio. Zote mbili zinapiga hodi mlango mmoja, na mwenye nyumba hajui amfungulie nani. Kadi ya sauti yenyewe haikuwa na kazi yoyote ofisini zaidi ya Bwana Revocatus kusikiliza rumba Ijumaa mchana. Evelina aliinyang'anya namba. Taa ya redio ikawaka, kijani, ikatulia. Saa nne na nusu asubuhi. Alinyoosha mgongo, akatabasamu peke yake, akaandika ile amri inayouliza nani yupo, na kuielekeza Kamanga.

Kamanga haikujibu.

Aliuliza tena. Kimya. Basi akavuta redio kolu, maana hiyo haikujali kerneli wala mwaka elfu mbili, akabonyeza.

"Kamanga, Kamanga, Mwanza hapa. Shikamoo mzee, ova."

"Marahaba, mama Tereza." Sauti ya Okomo ilikuja na mikwaruzo yake ya kawaida. "Habari za huko, ova."

"Nzuri. Mashine ya huko inaendeleaje, ova."

"Nzuri, mama, ova."

"Haya, asante mzee, nitakuita baadaye, ova auti." Akaweka kipaza sauti chini na kurudi kwenye kompyuta yake. Kamanga ni nzuri. Basi ugonjwa uko kwangu.

Na kuanzia hapo, ndugu msomaji, mwanamke huyu mwerevu alipoteza saa tatu za maisha yake. Aliipika draiva mara ya pili, kwa kudhani haikuiva. Akabadilisha namba ya hodi, akarudisha. Akashuku jina la siri la mtandao, akaliandika upya herufi kwa herufi. Akapanda juu ya bati kwa ngazi ya mlinzi, sketi ameibana kwa pini, akashika antena, akaitikisa. Ilikuwa imara, inatazama Kamanga sawasawa, na chini yake ghuba ilikuwa shwari inameremeta kana kwamba haihusiki. Saa sita akaita tena.

"Mzee, samahani nakusumbua. Mashine imewashwa, ova."

"Imewashwa, mama. Iko nzuri, ova."

"Taa zinawaka, ova."

"Zinawaka, ova."

"Asante mzee, niko kwenye haraka, ova auti."

Saa saba alifanya jambo ambalo kijana wa Kizungu alimsisitizia sana. Alikuwa amemwambia asifute kamwe kerneli ya zamani. Aiache pembeni, ili mpya ikimshinda aweze kuirudia. Evelina aliizima mashine, akaiamsha kwa kerneli ya zamani na draiva ya zamani, vile vile kama ilivyokuwa jana. Jana jioni Kamanga ilikuwa inajibu. Barua tatu zilipita. Sasa akauliza nani yupo, akasubiri, mikono ameikunja kifuani.

Kimya kile kile.

Alikaa. Akajua ameharibu kitu asichokijua. Pengine kadi yenyewe imekufa, na kadi hiyo haipatikani Mwanza wala Dar wala Nairobi. Akamfikiria binti yake Tereza, aliye kidato cha tano Tabora. Akafikiria chumba cha tatu cha nyumba ya Buswelu, ambacho Mihayo alikwisha kukiita "ofisi ya mama" kabla hakijapata dirisha. Alitaka kulia, na hakulia kwa sababu moja tu, mlango ulifunguliwa.

Alikuwa Dorcas, mama wa chai wa ofisi, mwanamke wa makamo asiye na haraka na mtu. Alikuwa na chupa ya chai mkononi na sahani ya mihogo.

"Habari za kazi, mama Tereza?"

"Nzuri," alisema Evelina.

Dorcas hakuondoka. Alisimama pale, chupa mkononi, akimtazama. Hakuuliza swali jingine. Alisubiri tu, kama anavyosubiri kila mtu aliyelelewa vizuri, kwa sababu hakuna mtu katika nchi hii anayejibu salamu kwa matatizo yake. Nyumba imeungua, unajibu nzuri. Umefiwa, unajibu nzuri. Kisha mwenzako ananyamaza kidogo, na ndipo unamwambia.

"Nzuri," alirudia Evelina, "ila, dada yangu, leo nafukuzwa kazi."

Na alipolisema hilo aliyasikia maneno yake mwenyewe: nzuri, ila. Alibaki mdomo wazi. Dorcas akadhani ni uchungu, akaweka chupa chini amshike bega, lakini Evelina alikwisha kuinuka, akivuta kipaza sauti cha redio kolu mpaka waya ukaangusha sahani ya mihogo.

Miaka ishirini ya redio! Mtu mwingine angesamehewa. Alikuwa amemuuliza mzee wa watu habari mara mbili, mzee akajibu nzuri kwa adabu, akaachia kitufe ili yeye aitikie, kisha aendelee. Na yeye, mara zote mbili, akabonyeza akafunga mazungumzo. Unapobonyeza wewe, wa ng'ambo hasikiki hata akipiga kelele. Sijui Okomo alisema nini peke yake kwenye kile chumba cha Kamanga, lakini hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Kamanga, Kamanga, Mwanza hapa. Shikamoo mzee, ova."

"Marahaba, mama Tereza, ova."

"Habari za toka asubuhi, mzee, ova."

"Nzuri tu, mama. Na wewe, ova."

"Nzuri. Mama Ayoo ameamkaje, ova."

"Hajambo. Goti linamsumbua kidogo, ila anatembea, ova."

"Pole yake. Mvua huko, ova."

"Bado, mama. Mawingu tu, ova."

Bwana Revocatus alikuwa amefika mlangoni, saa yake ya mkononi ikimwambia saa nane kasoro dakika tano, na alichokiona ni fundi wake mtarajiwa anaulizia mvua ya Kamanga. Alifungua mdomo. Dorcas akamtazama, naye akaufunga.

"Na kazi, mzee," alisema Evelina taratibu. "Kazi hapo kituoni inaendaje, ova." Akakiachia kitufe, akaweka mikono yote miwili mapajani ili isimsaliti.

"Nzuri, mama Tereza, ova."

Hakubonyeza. Mikwaruzo ikapita. Ilipita kwa muda mrefu kidogo.

"Nzuri, mama," sauti ya Okomo ikarudi, "ila nilitaka kukueleza toka asubuhi. Jana jioni tulisikia wageni huenda wakavuka huku. Nikaleta fundi wa chokaa, chumba kilikuwa kichafu. Leo alfajiri tukahamisha meza na mashine upande wa dirishani. Sasa ule waya unaotoka kwenye antena haukufika. Nikauchomoa, nikauning'iniza ukutani vizuri, nikasema nitamuuliza mama Tereza akinipigia. Ndiyo hivyo. Mashine yenyewe ni nzima, inawaka, ova."

Evelina alifumba macho. Alicheka, lakini bila kubonyeza, kwa hiyo Kamanga haikusikia.

"Umefanya vizuri kuning'iniza, mzee. Sasa rudisha meza mahali pake, hata kama chokaa haijakauka, uchomeke ule waya, uukaze kwa mkono mpaka usizunguke tena. Na mimi nikueleze la kwangu. Huku ni nzuri, ila Kamanga isipojibu kabla ya saa tisa, wananipunguza, ova."

"Kumbe, ova," alisema Okomo.

Evelina aliiamsha mashine kwa kerneli mpya, na draiva mpya ikaingia, na taa ikawa kijani. Aliandika swali lake na kuliacha lijirudie. Saa nane na dakika kumi, hakuna. Na ishirini, hakuna. Huko ng'ambo mzee wa miaka sitini na mitano alikuwa anasukuma meza. Saa nane na dakika thelathini na saba mstari mmoja ukatokea kwenye kioo, halafu wa pili, halafu mistari ikaanza kushuka mmoja mmoja bila kukosa, Kamanga nipo, Kamanga nipo. Evelina aliiangalia mpaka ikawa ukungu. Dorcas alikuwa anaokota mihogo sakafuni. "Ndiyo hiyo?" aliuliza. "Ndiyo hiyo," alijibu, akaketi akala muhogo mmoja, kwa maana njaa ilikuja yote kwa mara moja.

Wageni walifika saa tisa na robo, watatu, mmoja wao mama wa makamo aliyekuwa na daftari. Nyuma yao alikuja fundi wa Dar, Obedi, mtanashati, na begi la kompyuta ya mkononi begani. Bwana Revocatus aliwaonyesha mfumo mpya kana kwamba alikuwa ameupika mwenyewe. Kisha akasema, "Na sasa Kamanga itatuandikia barua." Akamwashiria Evelina, naye akamwomba Okomo kwa redio kolu atume barua yoyote ile, salamu kwa wageni.

Wakati wanasubiri, Obedi aliinama kuangalia kioo. Alikuwa anajua kazi yake, na ndiyo sababu aliuliza. "Umepandisha kerneli leo hii hii? Na kadi hii ikakubali? Sisi kadi kama hii ilitusumbua siku nne. Ilikugomea kwa muda gani?"

"Draiva iliisha saa nne na nusu," alisema Evelina.

"Lakini hamkupata Kamanga mpaka saa nane na nusu," Bwana Revocatus alidakia. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ametokwa jasho siku nzima na alitaka kujua. "Toka saa nne mpaka saa nane palikuwa na nini?"

Evelina alijua vizuri jibu rahisi. Waya ulichomolewa Kamanga: maneno matatu, ya kweli kabisa, na yeye angekuwa msafi mbele ya wote. Pia alijua kwamba mlinzi asiye na cheti, aliyechomoa waya siku ya wageni, asingeufikia mwaka elfu mbili pale kituoni.

"Kosa lilikuwa langu," alisema. "Nilimuuliza mzee habari za huko, halafu sikumsubiri amalize kunijibu."

Bwana Revocatus alimkodolea macho. Mama mwenye daftari aliomba kutafsiriwa, akatafsiriwa, akaomba tena. Obedi peke yake hakuomba kitu. Alitikisa kichwa polepole. "Mimi ningefungua mashine nzima," alisema. "Ningepanda kivuko na bisibisi."

Hapo mashine ikalia. Barua ya Kamanga ilikuwa imefika. Bwana Revocatus, aliyependa kusoma mbele ya watu, aliisogelea, akakohoa na kuanza kwa sauti ya sherehe.

"Wageni wetu, shikamooni. Habari za Kamanga ni nzuri. Ila leo asubuhi mimi Okomo nilichomoa waya wa antena kwa ajili ya chokaa, wala sikuagizwa na mtu. Mashine ikashindwa kusema kwa ajili yangu. Mama Tereza hana kosa. Kama kuna mtu wa kupunguzwa, nipunguzwe mimi, maana nimeshazeeka, na yeye bado ana kazi. Waya umeshakazwa. Karibuni Kamanga."

Katikati ya barua ile sauti yake ya sherehe ilikuwa imeisha nguvu, na sentensi ya mwisho aliisoma kama mtu anayejisomea. Evelina aliinamisha kichwa, akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa, hakujificha. Yule mama mwenye daftari akauliza barua inasemaje.

"Inasema," alijibu Bwana Revocatus, "kwamba kila mtu katika mradi huu anataka nimfukuze yeye." Akavuta kiti, akaketi, akafungua faili lake. Karatasi ilikuwa pale tangu Jumatatu. Akaitia saini bila hotuba, akampa Evelina kwa mikono miwili. Kisha akavuta redio kolu karibu, ambayo tangu aajiriwe hakuwahi kuigusa, akatafuta kitufe, akakipata.

"Kamanga, meneja hapa. Shikamoo, mzee," alisema. Akaachia kitufe, akangoja.